Uchawi na Mapenzi katika Hadithi za Kale

Hapana hadithi zilizolaumiwa sana na wakubwa na kupendwa sana na vijana kama hadithi za kale zenye uchawi na mapenzi. Mzazi akimkuta mwanawe amezama katika kitabu cha majini, wafalme na wapendanao, humwambia aache upuuzi akashike kitabu cha maana. Mwalimu naye, akikiona kitabu hicho chini ya dawati, hukichukua na kukitia kabatini. Lakini kijana yule yule anayesinzia mbele ya kitabu cha maana hukesha na kitabu cha upuuzi hata usiku wa manane. Jambo hili lataka kufikiriwa, halitoshi kukemewa. Kitu kipendwacho na watu wengi, katika nchi nyingi, kwa karne nyingi, hakiwezi kuwa kitupu. Huwa kina chakula ndani yake, au kina sumu, au kina vyote viwili. Na kazi ya uhakiki ni kupambanua kimoja na kingine.

Hadithi za namna hii hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni zamani: mambo hutendeka katika enzi iliyopita, wakati wa wafalme na mashujaa ambao msomaji hakuwaona. Figa la pili ni uchawi, na kwa neno hili nakusudia kila nguvu ipitayo desturi ya maumbile: majini na mazimwi, mwili usiopenywa na mkuki, mtu aliyegeuzwa mnyama. Figa la tatu ni mapenzi: ya mume na mke, ya mzazi na mwana, ya ndugu na ndugu. Ondoa figa moja, na chungu kitapinduka. Zamani peke yake ni tarikhi. Uchawi peke yake ni kiinimacho. Mapenzi peke yake ni habari tuzisikiazo kila siku kwa majirani. Dai langu katika insha hii ni kwamba utamu wa hadithi hizi hautoki katika uchawi wenyewe, bali hutoka katika mpaka wa uchawi. Na mpaka huo, karibu daima, huonekana mahali penye mapenzi.

Tuanze na zamani. Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ni mahali pazuri pa kujifunzia jinsi zamani inavyoizaa hadithi. Katika nchi hii, na katika nyanda nyingine za Bonde la Ufa, yako mabonde madogo ya mviringo ardhini yaitwayo mashimo ya Sirikwa. Wengi walidhani kuwa yalikuwa nyumba za watu waliotoweka. Mary Leakey alichimba kilima cha Hyrax Hill, karibu na Nakuru, mwaka 1937 na 1938. Merrick Posnansky alichimba hapa Lanet mwaka 1957. Uchunguzi wa namna hiyo umeonyesha kuwa mashimo yale yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nayo makao ya watu yalikuwa kando yake. Hiyo ni elimu, na elimu ni jambo la kushukuriwa. Lakini angalia inapokoma. Imetwambia shimo lilikuwa la nini. Haikutwambia aliyelichimba alimpenda nani, aliogopa nini usiku, wala aliapa kiapo gani alipoibiwa mifugo yake. Pale ambapo jembe la mchimbuaji limekoma, ndipo kalamu ya mtunzi wa hadithi inapoanza.

Mfano wa pili uko juu ya mji wenyewe. Menengai ni mlima uliobomoka katikati ukaacha shimo kubwa mno, na mvuke hutoka katika nyufa zake. Wasimulizi husema kwamba katika vita vya Wamasai wao kwa wao katika karne ya 19, mashujaa wa Laikipia walisukumwa wakatumbukia humo, na kwamba mvuke ule ni roho zao zikitafuta njia ya kupanda mbinguni. Mwanafunzi wa leo anajua kuwa mvuke hutokana na joto la ardhi, na visima vimechimbwa huko ili mvuke huo huo ufue umeme. Je, hadithi imekufa kwa sababu hiyo? Haikufa hata kidogo. Elimu ya joto la ardhi yajibu swali la mvuke watoka wapi. Hadithi yajibu swali jingine kabisa, nalo ni kwamba walioshindwa wanastahili kukumbukwa kwa namna gani. Mtu anayeyachanganya maswali haya mawili hataifaidi elimu wala hadithi.

Zamani ina faida nyingine, nayo ni umbali. Msomaji akielezwa habari za mtawala dhalimu wa siku zake, hasira na hofu humzuia kufikiri. Mpeleke mbali, naye atahukumu kwa utulivu. Shaaban Robert alilijua jambo hili vyema. Kitabu chake *Kusadikika* kilitoka mwaka 1951, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Kiingereza. Humo Karama anashtakiwa kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote za ulimwengu, wakarudi na mema, wakatupwa gerezani. Nchi hiyo haiko zamani, iko angani. Lakini umbali wa mahali hutenda kazi ile ile ya umbali wa wakati. Msomaji hufunga safari ndefu, na mwisho wa safari hujikuta mlangoni pa nyumba yake.

Sasa tuje kwenye uchawi. Wengi hudhani kuwa kijana hupenda uchawi wa hadithi kwa sababu anataka nguvu zisizo na kikomo. Kama ingalikuwa hivyo, hadithi iliyopendwa kuliko zote ingalikuwa ile ambayo shujaa wake anaweza kila kitu. Lakini hadithi hiyo haisomeki, maana mtu anayeweza kila kitu hana cha kuogopa, na sisi nasi hatuna cha kumwogopea. Uchawi wa hadithi nzuri una sharti. Una mwiko. Una tundu moja tu ambamo kifo chaweza kupenya, na masikio yetu husimama kwa ajili ya tundu hilo.

Chukua habari za Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya Kenya, ambaye kaburi lake huonyeshwa pande za Ozi, karibu na mlango wa Mto Tana. Habari zake zilipigwa chapa kwa Kiswahili mwaka 1870 katika mkusanyo wa hadithi wa Edward Steere, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akazitungia utenzi unaosomwa hata leo. Liyongo alikuwa na nguvu zilizomtisha mfalme wa Pate. Silaha hazikumdhuru. Kitu kimoja tu kiliweza kumwua, nacho ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo hakuijua adui yeyote. Mfalme alipoona kuwa nguvu hazifai, alimwita mwana wa Liyongo, akamwahidi kumwoza binti yake kama ataileta siri ya kifo cha baba. Kijana akaenda kwa baba yake, akauliza. Masimulizi yanamwonyesha baba akishuku kuwa mwanawe ametumwa, na juu ya hayo akamwambia. Yule kijana alingoja baba yake alale, akaitumia sindano. Liyongo aliamka, akachukua upinde wake, akaenda kupiga goti kisimani akiwa ameuelekeza mshale, akafa katika hali ile; na watu wa mji kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Ama yule mwana, ahadi aliyopewa hakuifaidi.

Hebu tuitazame hadithi hii kwa makini. Uchawi wake ni mdogo sana: ni mwili usiodhurika, na sindano moja. Mtunzi dhaifu angaliongeza majini kumi. Lakini uchawi mdogo huu umepangwa kwa namna ambayo jeshi la mfalme haliwezi kuufikia. Nani awezaye kukifikia kitovu cha shujaa aliyelala? Ni mtu wa nyumbani tu. Ndiyo kusema kwamba sharti la uchawi limetunzwa mikononi mwa mapenzi. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hadithi ya Liyongo imeuchukua msemo huu ikaufanya sindano ya shaba.

Sasa tutoke pwani twende ziwani, umbali wa safari ya siku nyingi kwa miguu, kwa watu wa lugha nyingine. Wajaluo wana habari za Luanda Magere, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa mgumu kama jiwe. Mikuki ya adui ilimgonga ikaanguka. Adui zake wa upande wa Wanandi walimpa binti yao awe mke wake. Siku moja Luanda Magere akaugua, akamwambia mke yule amchanje dawa. Lakini asichanje mwili, achanje kivuli. Mke akachanja kivuli, akaona damu. Usiku akakimbilia kwao na habari. Katika vita vilivyofuata mkuki ulielekezwa kivulini, na shujaa akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe lenyewe huonyeshwa hata leo katika nchi ya Wajaluo, karibu na mpaka wa Wanandi.

Hapana haja ya kudhani kuwa hadithi hii imetoka kwa ile ya Liyongo, wala ile kwa hii. Samsoni wa Biblia naye alikuwa na nguvu katika nywele, na siri yake ikajulikana kwa Delila. Hadithi hizi zinafanana kwa kuwa zimeona jambo moja lililo kweli kwa kila mtu: ambaye hashindwi na adui aweza kushindwa na mpendwa, na hawezi kupenda pasipo kuitoa siri yake. Mtu atakaye asidhurike kamwe, basi asipende. Na mtu apendaye amekwisha kumpa mwingine sindano ya shaba. Msomaji wa miaka kumi na sita au kumi na saba yuko karibu na jambo hili kuliko sisi tulio wazima. Ndio kwanza anaanza kuwa na siri, ndio kwanza anaanza kutafuta wa kumwambia. Ndiyo sababu anakesha na kitabu. Hakikimbii maisha, anayatazama maisha katika umbo kubwa, kama mtu atazamaye kitu kidogo kwa kioo cha kukuzia.

Lakini hadithi zenye nguvu zina hatari yake, na mhakiki mwaminifu hana budi kuitaja. Luanda Magere akisimuliwa upande mmoja tu, mke wake ni haini, na funzo litakalobaki kichwani mwa mtoto ni kwamba usioe kwa watu wasio wako. Katika darasa la Nakuru hukaa Mjaluo, Mkalenjini, Mkikuyu, Mkisii na wengineo, kila mmoja na hadithi za kwao. Mji huu ulipata msiba Januari 2008 katika ghasia zilizofuata uchaguzi, jirani akamwogopa jirani. Haifai basi hadithi hii kusomwa kwa jicho moja. Upande wa pili wa mpaka, mwanamke yule ni shujaa aliyeokoa watu wake kwa kujitia katika hatari peke yake, bila mkuki. Tukiuliza alijisikiaje alipoiona damu ya mume wake ikitoka kivulini, na kama alilia njiani alipokuwa akikimbia, hapo hadithi hupanuka. Haibaki tena hadithi ya uhaini. Yawa hadithi ya mtu aliyewekwa kati ya mapenzi mawili, na kila njia aliyoiona mbele yake ilikuwa na mauti. Mapokeo hayakutuambia alilia au hakulia. Nafasi hiyo tupu ni ya mwandishi wa riwaya, na laiti kijana mmoja miongoni mwenu angeijaza.

Mtunzi mkubwa huonekana kwa namna anavyoigeuza hadithi aliyoipokea. Rudi tena kwa Shaaban Robert, katika *Adili na Nduguze*, kitabu kilichotoka mwaka 1952. Waziri Ikibali, aliyetumwa na Mfalme Rai kukusanya kodi, anamwona Adili usiku akiwapiga manyani wawili kwa kiboko, kisha akiwabembeleza na kuwalisha. Kumbe manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao kwa wivu walimtosa baharini ili wamnyang'anye mchumba. Na Huria, jini aliyepata kuokolewa na Adili, akawageuza wanyama na kumwamuru awapige kila usiku. Hadithi hii ina asili yake katika Alfu Lela Ulela, katika habari za Abdallah bin Fadhil. Lakini katika hadithi ya kale wale ndugu wakirudishiwa ubinadamu hurudia uovu wao, na mwisho wao ni kifo. Shaaban Robert amechagua njia nyingine: ndugu wanatubu, wanasamehewa, wanarudi kuwa watu.

Mabadiliko haya yamelaumiwa na wasomaji wengine, wakisema kuwa yanafanya kisa kiwe laini mno. Mimi sikubali. Tazama ni wapi mtunzi ameuweka mzigo wa uchawi. Adhabu ya Hasidi na Mwivu haikuanguka juu yao tu. Imeanguka juu ya Adili pia, maana mkono wake ndio unaoshika kiboko. Kila usiku mtu mwema analazimishwa kumpiga anayempenda. Uchawi wa Huria ni haki, lakini ni haki isiyojua kuchoka, na mtu aliyekosewa ndiye anayeteswa nayo. Kama hadithi ingalikwisha kwa kifo, haki hiyo ingalikuwa imeshinda. Imekwisha kwa msamaha, kwa hiyo uchawi umekutana na mpaka wake, na mpaka huo, kama nilivyodai, ni mapenzi. Safari hii mapenzi ya ndugu. Kwa Liyongo, mapenzi yalifungua mlango wa mauti. Kwa Adili, yamefungua mlango wa uzima. Lakini ufunguo ni ule ule.

Tukiisha kuona jinsi mafiga matatu yanavyofaa kukaa, tutaweza kuiona hadithi ambayo figa lake moja limepasuka. H. Rider Haggard, Mwingereza aliyekaa kusini mwa Afrika, aliandika mwaka 1885 riwaya ya wawindaji wanaotafuta hazina ya Mfalme Sulemani. Tafsiri yake ya Kiswahili, *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, ilitoka mwaka 1929, na kwa miaka mingi ilisomwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki. Siwezi kukana kuwa kisa kinavuta. Jangwa, mlima, mfalme dhalimu, mwana wa mfalme aliyejificha katika umbo la mtumishi, pango lenye almasi: mtunzi huyu alijua kumshika msomaji mkono asimwachie.

Lakini uchunguze uchawi wake. Waafrika wa hadithi wana mchawi, Gagula, ajuza aliyekunjamana kama nyani, ambaye hunusa watu na kuwatoa wauawe. Wazungu wa hadithi nao wana uchawi wao: wanatabiri kupatwa kwa jua au mwezi kwa kukitazama kitabu cha tarehe, na watu wanaanguka kwa hofu. Upande mmoja uchawi ni uovu; upande wa pili ni akili. Mgawanyo huu si wa haki, wala haukutazamwa sawasawa hata kwa kipimo cha mtunzi mwenyewe. Katika chapa ya kwanza aliandika kupatwa kwa jua siku moja baada ya mwezi mpevu, jambo lisilowezekana katika maumbile, na baadaye akaligeuza likawa kupatwa kwa mwezi. Mtu anayewacheka wengine kwa kutoijua mbingu yampasa kwanza aijue yeye.

Mapenzi ya riwaya hiyo yana kasoro kubwa zaidi. Binti mzuri, Foulata, anaokolewa asichinjwe kafara, kisha anamwuguza mmoja wa Wazungu wale, nao wanapendana. Msomaji anauliza itakuwaje watakaporudi kwa watu. Mtunzi hakutaka kulijibu swali hilo. Anamfanya Gagula amchome binti kisu, na binti anakufa akikiri kuwa ni heri afe, kwa kuwa ndoa ile isingewezekana. Hapa mapenzi hayakuwa mpaka wa uchawi. Uchawi umetumiwa kama kisu cha kukatia mapenzi ili mwandishi asipate taabu. Hii ndiyo alama ya hadithi iliyokimbia swali lake. Iburudishe roho yako nayo ukitaka, lakini ujue umeuziwa nini.

Linganisha na kazi ya siku za karibu. Mwaka 2018 Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alitoa kwa Kikuyu utungo wa *Kenda Mũiyũru*, habari za mabinti wa Gikuyu na Mumbi, kisha akaufasiri kwa Kiingereza yeye mwenyewe. Wachumba 99 wanakuja kuwaposa. Hawapimwi kwa mali wala kwa ukoo. Wanapelekwa safari ndefu ya hatari, kupambana na mazimwi, ili kupata dawa ya Warigia, binti wa mwisho, ambaye miguu yake haiwezi kumbeba. Hapa zamani, uchawi na mapenzi vimekaa vizuri. Uchawi uko, lakini haupatikani bila kujitaabisha kwa ajili ya aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Posa imefungwa na huruma. Mchumba asiyeweza kumhudumia shemeji mgonjwa hastahili kuwa mume.

Yumkini msomaji atasema: Haya yote ni mazuri, lakini watu wetu wanaamini uchawi kweli, na vitabu hivi vinaongeza moto. Neno hili ni zito, wala sitalipuuza. Mwezi wa Mei mwaka 2008, katika nchi ya Wakisii, watu wasiopungua 11 walichomwa moto kwa kushukiwa kuwa wachawi, na wengi wao walikuwa wanawake wazee. Pwani nako, katika Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba linalogombewa. Mtu anayefundisha hadithi za uchawi katika nchi yenye misiba hii hana budi kujua anachofanya.

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, hadithi na tuhuma ni vitu viwili tofauti. Katika hadithi, mtunzi anajua kila kitu, naye ndiye amwambiaye msomaji kuwa Huria ni jini. Kijijini hapana mtunzi. Hapana ajuaye kila kitu, na anayesema fulani ni mchawi amejitwalia kiti ambacho si chake. Msomaji aliyezoea hadithi nzuri amezoea pia kungoja: anajua kwamba anayepiga manyani kwa kiboko huenda asiwe mkatili, na kwamba mfalme mwenye busara huita, huuliza, husikiliza hadi mwisho kabla ya kuhukumu. Mfalme Rai alifanya hivyo. Wale waliowasha moto mwaka 2008 hawakufanya hivyo.

Pili, ni kweli kwamba ziko hadithi zinazowasha moto, nazo ni zile ambazo ajuza ndiye mchawi siku zote. Gagula ni mfano. Mtunzi amechukua makunyanzi, meno yaliyong'oka na mgongo uliopinda, akavifanya kuwa dalili za uovu. Kijana akisoma vitabu kumi vya namna hii bila ya mtu wa kumwuliza swali, atamtazamaje bibi yake mwenyewe? Dawa ya hatari hii si kukifungia kitabu kabatini. Ni kukifungua mbele ya darasa zima na kuuliza: Kwa nini mtunzi amempa uovu mtu asiye na wa kumtetea?

Kuna na shaka ya pili, kwamba hadithi hizi huwadanganya vijana juu ya mapenzi. Pita katika njia za Nakuru, au mji wowote mkubwa wa Kenya, utaona karatasi zimebandikwa kwenye nguzo za umeme, mganga akiahidi kumrudisha mpenzi aliyetoroka, kupata kazi na kushinda kesi. Huo nao ni uchawi na mapenzi. Lakini soma karatasi hizo kama mhakiki. Hazina sharti isipokuwa fedha. Hazina kitovu wala kivuli. Mpenzi anarudishwa kama mbuzi aliyekatika kamba, bila kuulizwa anataka nini. Ikiwa kijana amelelewa na hadithi za Liyongo na Adili, ataiona karatasi ile kuwa hadithi mbovu, maana amejifunza kwamba nguvu isiyo na mpaka ni uongo, na kwamba penzi lililopatikana kwa hila hudaiwa mwisho, kama mwana wa Liyongo alivyodaiwa. Penye urembo ndipo penye urimbo. Hadithi nzuri humwonyesha ndege urimbo kabla hajatua.

Basi, msomaji kijana, sikuambii uache hadithi za uchawi na mapenzi, wala sikuambii uzimeze zote. Ukishika kitabu cha namna hii, uliza maswali matatu, moja kwa kila figa. Zamani hii ni ya nani, na nani hakupewa nafasi ya kusema ndani yake? Uchawi huu una sharti gani, na nani anayelipa gharama yake? Mapenzi haya yamejibu swali la hadithi, au yameuawa ili swali lisijibiwe? Kitabu kitakachostahimili maswali haya kisome mara mbili, kisha mpe mwenzako. Kitakachoshindwa kisome mara moja, ujue kilipopasuka. Na kama utakuta kwamba hadithi ya kwenu, uliyoisikia kwa bibi yako, yastahimili maswali haya kuliko vitabu vyote vya dukani, usingoje mtu mwingine aje kuiandika. Mwulize bibi angali anakumbuka, tena mwulize vizuri, umsikilize hadi mwisho.